Breki na Klachi za Kuundwa katika Magari ya Mradi, Waithaka

Breki na klachi za kuundwa ni mifumo ya haidroliki ambayo fundi huikusanya mwenyewe, kwa vipuri vya magari tofauti, ili gari kuukuu lililobadilishwa injini, giaboksi au ekseli liweze kusimama na kuingia gia. Makala hii inaieleza kazi hiyo kama inavyowakabili mafundi wa Waithaka, kata ya eneo bunge la Dagoretti Kusini upande wa magharibi wa Nairobi, jirani ya Riruta na Mutuini. Gari la mradi ni lile ambalo mwenyewe hulijenga kidogo kidogo, mwisho wa mwezi mmoja hadi mwingine.

Magari hayo karibu yote yalikuwa tayari nchini. Kiwango cha Kenya cha KS 1515 hakiruhusu kuagizwa gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo anayeitaka Datsun 1200, Corolla ya miaka ya 1970 au Peugeot 504 huitafuta nyuma ya nyumba ya mtu, chini ya mwembe au chini ya turubai. Mbio za magari za Safari Rally, zilizoanza 1953, zimechangia sana mapenzi haya: Joginder Singh alishinda kwa Volvo mwaka 1965 na kwa Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976, na Shekhar Mehta akashinda mara tano akiwa na Datsun. Ila gari linalonunuliwa leo chini ya mwembe huwa halina breki zozote za kuaminika, na likishatiwa injini yenye nguvu maradufu, hata breki zake za kiwandani zingekuwa zimezidiwa.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba breki kubwa ndiyo breki nzuri. Fundi huchukua kalipa (vibanio vya diski) za gari zito, akazifunga mbele, akabakiza masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) ya zamani, kisha anashangaa pedali inazama hadi sakafuni. Blaise Pascal alishaeleza sababu katika karne ya 17: mgandamizo ndani ya kimiminika kilichofungiwa huenea sawa kila upande, kwa hiyo kinachoamua nguvu ni uwiano wa maeneo ya pistoni. Mguu ukikanyaga kwa kilo 30, na pedali ikizidisha mara 6, masta husukumwa kwa kilo 180. Masta ya inchi 5/8 itatoa takriban kilo 91 kwa kila sentimita ya mraba. Ya inchi 3/4 itatoa 63. Ya inchi 7/8 itatoa 46 tu. Masta ndogo hukandamiza zaidi lakini husukuma mafuta machache, na kalipa zenye pistoni kubwa zinataka mafuta mengi. Hapo ndipo pedali inapozama. Akiweka masta kubwa, pedali inakuwa fupi na ngumu kama jiwe. Mwenye hekima hupima pistoni zote kwa kalipa ya kupimia na kuandika hesabu yake kabla hajaenda kununua chochote Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan.

Hesabu ya pili ni ya mbele na nyuma. Gari likifunga breki, uzito hukimbilia mbele. Kwa gari lenye mita 2.3 kati ya ekseli, kama Datsun 1200, tukichukulia kitovu cha uzito kiko sentimita 50 juu ya ardhi, breki kali ya 0.8 ya nguvu ya mvutano wa dunia huhamisha takriban asilimia 17 ya uzito wote. Magurudumu ya nyuma yakikwama kabla ya yale ya mbele, gari hugeuka na mkia kutangulia. Ndiyo maana wajenzi wengi huondoa busta, kisaidizi cha pedali kinachotumia mgandamizo wa hewa, na kufunga kiti cha pedali chenye masta mbili za breki zilizounganishwa kwa fimbo ya mizani: skrubu ikizungushwa, mgao unahama. Faida nyingine ni kwamba upande mmoja ukivuja, mwingine unabaki. Kiti chenyewe hujengwa kwa bamba la chuma, na ukuta wa injini lazima uimarishwe, maana kibati cha gari la miaka 50 hupinda chini ya kilo 180 na dereva akadhani ana hewa kwenye mafuta.

Klachi huingia hapo kama masta ya tatu. Magari mengi madogo ya zamani yalitumia kebo. Giaboksi mpya inayofungwa mara nyingi ina uma unaosukumwa na silinda. Masta ya inchi 5/8 ikisafiri milimita 30 husukuma karibu sentimita za ujazo 5.9, na silinda ya chini ya inchi 3/4 itasogea milimita 21 hivi. Kinachotafutwa ni mwendo unaotosha kuachia sahani, usiozidi. Mwendo ukizidi, springi za presha pleti zinakunjwa kupita kiasi na pistoni ya silinda ya chini inaweza kuchomoka. Kizuizi cha pedali, boliti moja yenye nati ya kufungia, ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachosahauliwa zaidi.

Paipu ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa. Gari la Japani lina nati za uzi wa M10 × 1.0 na mdomo wa paipu uliokunjwa mara mbili kwa ndani; magari mengi ya Ulaya yana uzi uleule lakini mdomo wa duara kama uyoga; Land Rover za zamani zina uzi wa inchi. Nati ya Kijapani itaingia vizuri kwenye kalipa ya Kizungu, itakaza, na itavuja, kwa sababu mahali mdomo unapokalia hapafanani. Paipu ya shaba tupu ya friji ni ya ukubwa uleule wa inchi 3/16, inapindika kirahisi, na inashawishi. Lakini shaba huchoka kwa mtikisiko na kupasuka. Chuma au mchanganyiko wa shaba na nikeli ndio unaofaa. Hosi za trekta nazo, zinazobanwa kwa dakika chache madukani, zina mpira uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya madini. Mafuta ya breki ya glaikoli huuharibu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: tone la mafuta ya injini kwenye masta huvimbisha raba zote.

Nairobi ina mambo yake. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Kona kiko karibu mita 1,800 juu ya bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko Mombasa. Busta, kwa wanaoibakiza, huishi kwa hewa hiyo, kwa hiyo breki zilizoonekana nyepesi pwani huwa nzito huku juu. Kisha kuna mteremko wa Mai Mahiu, barabara iliyojengwa na mateka Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Gari la kilo 1,000 likishuka kila mita 100 za kimo huachilia joto linaloweza kuchemsha lita 3 za maji ya chai, na sehemu ambayo injini haikuizuia huishia kwenye diski. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwa angalau nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 155. Mvuke ukijitokeza kwenye paipu, pedali hukanyaga hewa.

Kutoa hewa huanzia masta yenyewe mezani, kisha gurudumu la mbali, na nipeli ya silinda ya klachi lazima iwe sehemu ya juu kabisa, la sivyo kiputo hakitoki hata anayekanyaga pedali akichoka. Kabla gari halijaingia barabarani, pedali hukanyagwa kwa nguvu dakika tano huku karatasi kavu ikipitishwa kwenye kila kiungo. Breki ya mkono inabaki ya kebo, peke yake, hata kama fundi ana mapenzi na silinda.