Beit al-Ajaib: Jumba la Sultani na Kadhi Wako

Ndugu msomaji, kama wazazi wako wa Pumwani ama Eastleigh waliwahi kupeleka kesi ya ndoa au mirathi kwa kadhi, basi wewe una hisa kidogo katika jumba moja la kifalme kule Forodhani, Unguja. Si mzaha. Hebu tulia nikueleze.

Jumba lenyewe ni Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Lilijengwa na Sultan Barghash bin Said mwaka 1883. Huyu Barghash kabla ya kutawala alishafukuzwa hadi Bombay kwa kumpinga ndugu yake Majid, na mwaka 1875 alizuru London na Paris. Huko Paris, kasri la wafalme wa Ufaransa lililoitwa Tuileries lilikuwa limechomwa moto mwaka 1871, na magofu yake yalikuwa bado yamesimama. Yalibomolewa 1883, mwaka ule ule Barghash alipokuwa akijenga lake!

Na alijenga kweli. Kuta za mawe ya matumbawe, dari za boriti za mikoko, nguzo ndefu za chuma zilizoletwa kwa meli, baraza pana kila orofa, na milango ya nakshi yenye maandishi ya Qur'ani. Ndilo jumba la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme, na lifti yake husemwa ilikuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Lakini tusidanganyane: utajiri ule ulitoka kwa karafuu na pembe za ndovu, na pia kwa jasho la watumwa. Soko la watumwa mjini lilifungwa mwaka 1873 tu, tena baada ya Mwingereza kutishia kuzingira kisiwa kwa manowari.

Sasa ajabu kubwa zaidi. Jumba lilipanda huku ufalme unashuka. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa zikagawana bara, wakamwachia Sultan visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi. Barghash akafa 1888. Miaka miwili baadaye Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza, na mwaka 1895 ukanda wa Mombasa na Lamu ukakodishwa kwa Mwingereza. Bendera nyekundu ya Sultan ilibaki ikipepea Fort Jesus, na sheria ya Kiislamu na makadhi wake wakaachwa.

Agosti 1896 Khalid, mtoto wa Barghash, alijitangaza Sultan bila idhini ya Waingereza, akajifungia kasri. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, manowari zikafungua mizinga. Dakika kama arubaini hivi, kwisha! Beit al-Hukm, jumba la jirani lililounganishwa na Beit al-Ajaib, likaharibiwa kabisa. Upande wa Khalid watu takriban 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza ni baharia mmoja tu aliyejeruhiwa. Vitabu vingi huiita vita fupi kuliko zote duniani na kucheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Wale 500 walikuwa na mama zao. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, kisha Dar es Salaam, na akafia Mombasa mwaka 1927.

Beit al-Ajaib lenyewe lilisalimika, na tangu 1911 likawa ofisi za serikali ya Mwingereza.

Sasa kadhi anaingiaje? Oktoba 1963, kabla ya Kenya kupata uhuru, Sultan alikubali kuuachia ukanda uwe Kenya moja kwa moja, na Kenyatta akamwandikia Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, akiahidi kuwa mamlaka ya makadhi yatalindwa. Ahadi hiyo ikaingia katiba ya uhuru, na hadi leo imo katika kifungu cha 170 cha katiba ya 2010: ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mahakama hiyo. Sultan mwenyewe alipinduliwa Januari 1964, hata miezi minne haikutimia.

Jumba baadaye likawa makumbusho, ndani yake mkiwemo mfano wa mtepe, ile jahazi iliyoshonwa kwa kamba bila misumari. Sehemu ya baraza ilianguka 2012. Kisha tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati uliogharamiwa na Oman ukiendelea, upande wa mbele pamoja na mnara wa saa ukaporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha.