"Malaika" baina ya Kanisa na Dansi: Kutoka Ribe hadi Kaaga

Wahakiki aghalabu huutenga wimbo wa mapenzi na wimbo wa ibada, kana kwamba kila mmoja una msamiati wake. Historia ya neno "malaika" yakanusha jambo hilo. Neno hili lenye asili ya Kiarabu lilikuwa limekwisha kukomaa katika tendi za Kiislamu za pwani kabla ya Thomas Wakefield kufika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Wamishenari hawakubuni jingine. Wamethodisti walipofungua kituo Kaaga, Meru, mwaka 1912, Kikristo na Kiislamu vilikuwa vikilitumia neno moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Fadhili William akarekodi "Malaika", wimbo ambao utunzi wake umegombewa hadi leo. Humo malaika ni mwanamke apendwaye na kijana asiye na mali ya kumwoa. Istiari hiyo si pambo tupu (ingawa wapiga dansi wengi wameichukulia hivyo): malaika hafikiki, na kimwekacho mbali si mbingu bali ufukara. Msikilizaji aliyelizoea neno hilo katika ibada ya Kaaga angelisikia likiwa na uzito wake wote, gitaa lisiweze kuupunguza.