Dewey alilijua hili tangu 1876

Juzi ukurasa wa bidhaa ulinitoa jasho: kila ngazi ya kategoria ilikuwa inaiuliza hifadhidata upya. Mteja hasubiri, jamani!

Nikamkumbuka mkutubi Mmarekani, Melvil Dewey. Mfumo wake ulichapishwa mwaka 1876. Humo 630 ni kilimo, 636 mifugo. Ukikusanya namba zote zinazoanza na 63, umepata kilimo na matawi yake yote.

Edgar Codd wa IBM alipopendekeza hifadhidata za majedwali mwaka 1970, wengi tuliishia kuandika "mzazi" tu. Maswali ya kujirudia yaliingia kwenye SQL mwaka 1999. MySQL iliyapata 2018.

Mimi nimehifadhi njia nzima, yenye faharasa. Swali moja tu! Ila ukihamisha tawi, andika upya njia za watoto wote. Wewe unatumia ipi?