Mnaso, Wala Si Ufyonzaji wa Juu

Kilichochokoza makala hii ni maneno "ufyonzaji wa juu". Yameanza kuzoeleka katika vitini vya kemia na katika maelezo ya vichujio vya maji kama tafsiri ya kile ambacho darasani wengi wamekuwa wakikiita adsopsheni. Waliotunga istilahi hii walikuwa na nia njema, kwa kuwa adsopsheni na absopsheni hutofautiana kwa herufi moja tu na mwanafunzi huzichanganya hata kabla ya kufika maabara. Lakini dawa waliyoitoa ina madhara makubwa kuliko ugonjwa. "Ufyonzaji" unasema jambo lisilotendeka, na "juu" inaonyesha mahali pasipohusika.

Msomaji wa safu hii hahitaji kurudishwa kidato cha tatu. Inatosha kukumbushwa kwamba chembe zilizomo kwenye maji au hewa hushikwa na uso wa kitu kigumu, zikakaa papo hapo usoni. Hazizami kwenye mwili wa kile kitu kama maji yanavyozama kwenye kitambaa.

Twende Ngurdoto, Arumeru, ambako Wizara ya Maji ya Tanzania ina kituo cha utafiti wa kupunguza floraidi. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru hupita kwenye miamba ya volkeno na kubeba floraidi nyingi kuliko inavyofaa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kwa sababu vyanzo vingi havikuweza kufikia kiwango hicho. Meno ya kahawia ya watu waliokulia huko yanatokana na maji hayo, na floraidi ikizidi sana hudhuru hata mifupa. Dawa iliyofanyiwa kazi Ngurdoto, na vilevile Nakuru chini ya mradi wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru, ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, husagwa kuwa chenga, huoshwa, kisha hujazwa kwenye ndoo ya kuchujia. Isipoiva vizuri, maji hutoka na harufu. Ikiiva ipasavyo, floraidi hubaki kwenye chenga na maji hupita.

Sasa mpe mama mwenye ndoo hiyo karatasi iliyoandikwa kwamba mkaa wake unafanya "ufyonzaji wa juu". Kwa Kiswahili cha kila siku, juu ya ndoo ni pale panapomiminiwa maji. Ataelewa, tena kwa haki kabisa, kwamba tabaka la juu la mkaa ndilo linalofanya kazi, na mkaa ukichoka atachota vidole viwili vya juu, atupe, arudishie mfuniko. Mkaa wa chini uliokwisha kuchoka utabaki. Floraidi haina rangi wala ladha ya kumshtua. Itapita mpaka kwenye kikombe cha mtoto. Istilahi inayoweza kumwelekeza mtumiaji hivyo haifai, hata ikiwa imepigiwa kura na wataalamu ishirini.

Wapo waliojaribu kuirekebisha kwa kuiita "ufyonzaji wa nje". Hiyo nayo inaanguka ukiipeleka kwenye migodi ya dhahabu. Pale Geita, kama kwenye migodi mingi mikubwa duniani, dhahabu iliyoyeyushwa kwa sayanaidi hushikwa na punje za kaboni amilifu, na kaboni inayopendwa kwa kazi hiyo hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, kwa kuwa ni migumu na haisagiki ovyo kwenye tope. Gramu moja ya kaboni ya namna hiyo ina uso unaozidi mita za mraba 500. Karibu uso wote huo umo ndani, kwenye kuta za vitundu visivyoonekana kwa jicho. Mmumunyo wenye miligramu chache tu za dhahabu kwa lita huweza kuiachia tani moja ya kaboni kilo kadhaa za dhahabu, na dhahabu hiyo haikukaa nje ya punje. Imekaa usoni, lakini uso wenyewe uko ndani.

Asili ya neno la Kizungu inasaidia kuona kosa lilipoanzia. Kilatini kina kitenzi sorbere, kunywa kwa kuvuta, kama mtu anavyovuta uji wa moto. Kilipoongezwa ab- ikapatikana absopsheni, kufyonza hadi kumeza. Mwaka 1881 mwanafizikia wa Kijerumani Heinrich Kayser alipokuwa akichunguza gesi zinavyoshikwa na mkaa, alihitaji neno jipya, na kwa ushauri wa Emil du Bois-Reymond akabadilisha ab- ikawa ad-, yaani "kuelekea kwenye". Kufyonza kulibaki palepale, japo hakuna kilichofyonzwa. Mwaka 1909 James McBain, akiona kwamba mara nyingi matendo hayo mawili hutokea kwa pamoja, alikata viambishi vyote viwili na kubaki na sopsheni. Wazungu wenyewe, kwa hiyo, walikuwa wakishona viraka juu ya sitiari isiyofaa, na hakuna sheria inayomlazimisha Mswahili kushona kiraka hichohicho.

Hapa pana jambo la kuwekwa sawa, kwa maana hurudiwa mara kwa mara na watu wanaopaswa kujua zaidi. Neno letu sharabu, la nguo kusharabu jasho au mchanga kusharabu maji, halina udugu na sorbere. Linatoka kwenye Kiarabu shariba, kunywa, shina lililotuletea pia sharubati. Shina hilohilo lilipita Uturuki na Italia likazaa majina ya vinywaji na barafu tamu za Ulaya, na kufanana kwake na Kilatini ni sadfa ya sauti. Sharabu ni neno zuri mno. Tena kwa absopsheni ni bora kuliko fyonza, kwa kuwa mbu hufyonza kwa nguvu zake, ilhali nguo husharabu bila kuvuta. Ila sharabu nalo ni kuingia ndani, na kwa hiyo halitufai kwa kile tunachokitafuta.

Tunachokitafuta kipo tayari, na kila mtoto aliyewahi kutega ndege anakijua. Ni nasa. Ulimbo hupakwa kwenye kijiti, ndege hutua, miguu hunasa. Ndege hakuingia ndani ya ulimbo wala ulimbo haukumfyonza. Amekamatwa usoni, pale alipogusa. Kutoka kitenzi hicho tunapata mnaso, nomino fupi, inayotamkika, yenye umbo lilelile la mnato na mgando ambazo sayansi ya Kiswahili imezikubali zamani.

Nguvu ya mnaso, hata hivyo, haiko kwenye ufupi wake. Iko kwenye kinyume chake. Kila mnaso wenye faida una siku ya kurudishwa nyuma: kaboni iliyobeba dhahabu lazima iiachie, la sivyo mgodi umetengeneza mkaa ghali. Kazi hiyo hufanyika kwa kupitisha mmumunyo wa moto wa hidroksidi ya sodiamu na sayanaidi. Katika utaratibu wa Zadra wa miaka ya 1950 joto hukaribia nyuzi 95. Mkaa wa mifupa nao unaweza kuoshwa kwa hidroksidi ya sodiamu ili uachie floraidi na kurudi kazini. Kiswahili kina kitenzi cha tendo hilo: nasua. Funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, nasa na nasua. Mnaso na mnasuo. Kauli ya kutendua imeimaliza kazi ambayo Kizungu kiliihitajia kiambishi kingine cha Kilatini. Na "ufyonzaji wa juu" ukiutendua unapata nini? Fyonza haina fyonzua. Watetezi wake hulazimika kuandika "uondoaji wa vilivyofyonzwa juu", maneno manne yaliyobebeshwa kazi ya moja.

Wapo wanaopendelea nata. Nata imekwisha kupewa kazi: mnato ni ule ugumu wa kutiririka wa asali au oili, na mhandisi hawezi kuwa na minato miwili katika ukurasa mmoja. Ganda limebeba barafu na maziwa. Ambata ndilo mshindani wa kweli, na makala hii inakiri kuwa "uambataji" una sauti ya kupendeza. Lakini kiambatisho ni cha barua, mwambata ni wa ubalozi, na kuambatana ni kwenda pamoja. Floraidi haikwenda pamoja na mkaa. Ilikuwa ikipita zake, ikanaswa.

Mwandishi wa makala hii aliwahi kulifikisha pendekezo la mnaso mbele ya jopo lililokuwa likikusanya istilahi. Jibu lilikuwa sentensi moja: neno halijazoeleka. Hiyo si hoja, na inasikitisha kuisikia kwa watu waliopewa dhamana ya kuunda maneno. Utaratibu uliozoeleka nchini Tanzania ni kuchimba kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, ndipo ukope ng'ambo. Vigezo vya mtaalamu wa istilahi Kiingi vinavyojulikana kwa kifupi cha PEGITOSCA vinadai istilahi iwe sahihi, fupi, yenye uwezo wa kuzaa nyingine na yenye kuingia kwenye mfumo. Mnaso unapita kwenye vyote vinne hivi. Tatizo ni namna orodha zinavyotengenezwa: Kiingereza kushoto kwa mpangilio wa alfabeti, Kiswahili kulia, neno moja moja. Adsopsheni inajadiliwa siku ya A, kinyume chake, desopsheni, kinajadiliwa siku ya D na watu wengine, na hakuna anayeuliza kama watoto hawa ni wa mama mmoja.

Kuhusu kuzoeleka, wachimbaji wadogo wametoa jibu. Uchenjuaji, yaani kutenga madini na mawe, halikuwa neno la vitabu, na leo linaandikwa kwenye leseni. Karasha, mashine ya kusaga mawe, na marudio, mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa, yanaeleweka kutoka Geita hadi Chunya bila jopo kukaa. Lakini kwenye mitambo ya kuchenjulia marudio hayohayo, hatua ya kuiondoa dhahabu kwenye kaboni inaitwa ilusheni, kwa kuwa hakuna aliyewapelekea neno la Kiswahili kwa wakati. Mnasuo ungekuwa umefika mapema, ungekuwa mdomoni mwao.

Pingamizi moja lina uzito. "Unasaji" unatumika sasa kwa kuikamata hewa ukaa isitoke viwandani, na baadhi ya mitambo hiyo hutumia vimiminika vinavyoisharabu gesi, si uso wa kitu kigumu. Ndiyo sababu makala hii inasema mnaso, wala si unasaji. Unasaji ubaki kuwa jina pana la ukamataji wowote, na mnaso uwe jina la ule wa usoni peke yake.

Anayetaka kuujaribu mnaso aupeleke kwenye kromatografia. Mwaka 1903 Mikhail Tsvet, akiwa Warsaw, alieleza alivyopitisha rangi za majani kwenye bomba lililojazwa unga wa kitu kigumu, na rangi zikajitenga kwa matabaka. Kila rangi hunaswa na kunasuliwa tena na tena inaposhuka. Inayonaswa kwa nguvu hubaki nyuma, inayonasuka upesi hutangulia. Sentensi hiyo inaeleweka na mtu ambaye hajawahi kuona maabara. Ijaribu kwa "ufyonzaji wa juu", uone kama itafika mwisho.

Matumizi ni mepesi. Mkaa ni kinasio, floraidi au dhahabu ni kinaswa, tendo ni mnaso, kinyume ni mnasuo, na mkaa uliojaa umefikia ukomo wa mnaso. Wanaoandaa miongozo ya vichujio vya Arusha na Nakuru, na walimu wanaoandika vitini vya muhula ujao, waandike hivyo kuanzia sasa, na kwenye ukurasa wa kwanza waeleze kwamba mkaa ukichoka hutolewa wote, wa juu na wa chini.