Wa Nne Mara Mbili

Wasee, ukimaliza wa nne hupewi medali. Tobi Amusan wa Nigeria aliionja hiyo mita 100 kuruka viunzi: wa nne Doha 2019, tena wa nne Olimpiki za Tokyo.

Halafu ikafika Julai 2022, Eugene, Marekani. Nusu fainali, sekunde 12.12, rekodi ya dunia! Manze, kuna watu wakaanza kuuliza kama saa ni mbovu. Jioni hiyo hiyo akashinda fainali kwa 12.06. Upepo ulizidi kiwango, kwa hivyo hiyo haikuhesabiwa rekodi. Lakini 12.12 iliidhinishwa, na Nigeria ikapata dhahabu yake ya kwanza Mashindano ya Dunia ya Riadha.

Mimi nasema hivi: waliouliza saa hawakuwa wameangalia ile miaka ya wa nne.