Bronzeville: mtaa wa Weusi uliojengwa ndani ya uzio

Mwaka 1910 Weusi wa Chicago walikuwa kama 44,000 tu. Sensa ya 1970 iliwakuta wamevuka milioni moja, karibu theluthi ya wakazi wote wa jiji. Wengi wao, au wazazi wao, walikuwa wameshuka kwenye treni kutoka Mississippi, Alabama na Louisiana.

Huko kusini walilima pamba kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na hesabu za mwisho wa msimu alizipiga mwenye shamba mwenyewe. Kura walinyimwa, na Mweusi aliyeonekana kuinua kichwa aliweza kunyongwa mbele ya umati. Kisha mdudu akaingia kwenye vitumba vya pamba, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikakata mkondo wa wahamiaji kutoka Ulaya. Viwanda na machinjio ya kaskazini yakakosa wafanyakazi.

Gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert Abbott mwaka 1905, likapiga mbiu. Nakala zake zilifika kusini mikononi mwa Weusi waliohudumia abiria kwenye mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Asiyejua kusoma alisomewa kanisani au kwa kinyozi.

Waliofika walikuta kazi, lakini hawakuruhusiwa kuishi popote watakapo. Walibanwa kwenye ukanda mwembamba upande wa kusini wa jiji. Kwingineko, mikataba ya wamiliki ilikataza nyumba kuuzwa au kupangishwa kwa Mweusi. Ndani ya ukanda huo wenye nyumba walizikatakata kuwa vyumba vidogo, familia nzima chumba kimoja, choo cha kuchangia, na kodi isiyolingana na hali ya nyumba.

Hata ziwa lilikuwa na mpaka. Tarehe 27 Julai 1919, Eugene Williams, kijana wa miaka 17, alielea kwenye Ziwa Michigan hadi upande uliohesabiwa kuwa wa Wazungu. Alirushiwa mawe, akafa maji. Polisi alipokataa kumkamata mtuhumiwa, ghasia zililipuka. Watu 38 waliuawa, 23 kati yao Weusi.

Ukanda huo ndio uliokuja kuitwa Bronzeville. Daktari, mfua nguo na mchinjaji waliishi jirani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pa kuhamia. Hospitali ya Provident ilikuwapo tangu 1891, na Jesse Binga alifungua benki yake 1908. Katika kanisa la Pilgrim, Thomas Dorsey, mpiga piano wa bluzi, aliyaingiza mapigo ya muziki huo katika nyimbo za Injili, na Mahalia Jackson, mzaliwa wa New Orleans, akazifikisha duniani. Muddy Waters alihamia kutoka Mississippi mwaka 1943, na kwenye vilabu vyenye kelele gitaa lake likahitaji umeme. Kura nazo zilikusanyika: mwaka 1928 Oscar De Priest alikuwa Mweusi wa kwanza kutoka kaskazini kuchaguliwa kuingia Bunge la Marekani, na mwaka 1983 Harold Washington akashinda umeya.

Haifai kuushukuru uzio kwa hayo. Imani, mapishi na muziki watu walikuja navyo. Uzio ulichofanya ni kuwabana pamoja, na kubanwa huko kulikuwa na gharama yake. Benki ya Binga ilipoanguka mwaka 1930, akiba za watu wa kipato cha chini zilikwenda nayo.

Mwaka 1940 Carl Hansberry, aliyenunua nyumba ng'ambo ya mpaka, alishinda kesi yake katika Mahakama Kuu ya Marekani. Binti yake Lorraine aliyageuza mapambano ya aina hiyo kuwa tamthilia, iliyopanda jukwaa la Broadway mwaka 1959. Mwaka 1948 mahakama hiyo iliamua kwamba mikataba ya kibaguzi haiwezi kutekelezwa kisheria.

Wenye uwezo wakaanza kuondoka. Wasio nacho walirundikwa katika Robert Taylor Homes, majengo 28 ya ghorofa 16 yaliyokamilika 1962 kwenye ukanda uleule, na ambayo hadi 2007 yalikuwa yamebomolewa yote. Machinjio makuu yalifungwa 1971. Kufikia sensa ya 2020, Weusi wa Chicago walikuwa wamepungua hadi kama 800,000. Wengine wamehamia vitongoji vya nje, wengine wamerudi kusini. Leo Atlanta na viunga vyake ina Weusi wengi kuliko Chicago na viunga vyake, ikitanguliwa na New York pekee.

Defender liliacha kuchapishwa kwenye karatasi mwaka 2019, lakini gwaride la Bud Billiken, lililoanzishwa kupitia gazeti hilo mwaka 1929, bado hupita mitaani kila Agosti. Gwaride hukutanisha watu kwa siku moja. Benki, hospitali na gazeti huhitaji wateja mwaka mzima. Haki ya kuishi popote ilistahili kupiganiwa, lakini taasisi zilizotegemea ujirani wa lazima sasa zinapaswa kujengwa upya na watu wanaochagua kukutana.