Nani Mwenye Randa?

Neno randa halikuzaliwa kwetu. Waajemi wanalo, Wahindi wanalo, na kwa Waajemi neno hilo hilo ni jina la kifaa cha kukwangulia karoti jikoni. Lilivuka bahari likakaa pwani, mikononi mwa mafundi wa milango na wa majahazi, kisha likapanda bara taratibu mpaka likatufikia sisi wa Karagwe na Kyerwa, ambao bahari hatuna ila tuna Mto Kagera. Hata takataka zake tumezipa jina: maranda, yale yanayojikunja kama nywele, ambayo wafuga kuku huja kuyaomba kwa magunia.

Nyumbani kwetu Nkwenda, wilayani Kyerwa, tumenunua randa ya aina nyingine. Ni mashine ya umeme inayokaa juu ya meza. Unaingiza ubao huku, unatoka kule umelainika, tena una unene ule ule toka kichwa mpaka mkia. Wenzangu wa mjini mtasema: mashine tu, kuna nini cha kuandika? Kipo, ndugu zangu. Ukifuata historia ya zana hii utakuta kwamba katika kila zama swali lilikuwa moja: fundi anayetaka ubao laini anamwomba nani ruhusa?

Tuanze hapa hapa. Katika ufalme wa Karagwe, ambao makao yake yalikuwa Bweranyange, chuma hakikuwa bidhaa tu. Nyundo za chuma na sanamu za ng'ombe za chuma zilikuwa miongoni mwa alama za ufalme. Speke na Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika Novemba 1861, naye Stanley akafika 1876, na wageni hao waliandika habari za vitu vya chuma na shaba vilivyotunzwa kwa mfalme. Si mbali na hapo, mahali paitwapo Kafuro, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao katika njia ya misafara itokayo Tabora. Nguo na shanga ziliingia, pembe za ndovu zikatoka.

Fundi wa mti wa siku hizo alichonga kwa tezo. Alitengeneza vigoda, mipini na vyombo vya maziwa. Ubao bapa haukumhusu sana, kwa kuwa nyumba ya msonge haina kabati wala dirisha la fremu. Lakini makali ya tezo yake yalitoka kwa mhunzi, na kazi ya mhunzi ilikuwa na heshima ya ikulu juu yake. Kwa hiyo hata kabla randa haijafika, makali yalikuwa na mwenyewe.

Ubao bapa ulikuja na nyumba ya pembe nne. Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, na mwaka 1892 Mapadre Weupe wakafungua misheni Kashozi. Kanisa linataka mabenchi, shule inataka madawati, ofisi inataka milango yenye kufuli. Magogo yakaanza kupasuliwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini yake, machozi na unga wa mbao vikimtiririka usoni. Ubao uliotoka hapo ulikuwa na magamba kama samaki. Ndipo randa ya mkono ilipopata kazi.

Randa nyingi za chuma ambazo wazee wetu wamezitunza zimeandikwa Stanley, au Record. Hiyo Record ni ya Sheffield, Uingereza. Nayo Stanley watoto wa shule huisoma wakadhani ni yule msafiri aliyekuja kwa Rumanyika. Sivyo. Ni kampuni ya Marekani, ambayo mwaka 1869 ilinunua biashara ya randa za fundi Leonard Bailey. Msafiri na randa ni majina tu yamegongana, ingawa wote wawili walikuja kwetu wakitokea nje na wakatuachia kazi.

Sasa naomba tutoke Karagwe kidogo twende Uingereza, maana huko ndiko mashine ilikotungwa. Mwaka 1791 Samuel Bentham, mdogo wake mwanafalsafa Jeremy Bentham, alipata hataza ya mashine ya kupiga randa. Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasiige kazi yake. Ndugu hao wawili walikuwa na mpango wa gereza kubwa la mviringo, na mashine za Samuel zilikusudiwa kuendeshwa na wafungwa. Maana yake nini? Maana yake mashine ya randa ilipofikiriwa tu, ilifikiriwa ili mtu asiyejua useremala aweze kutoa kazi ya seremala. Gereza lile halikujengwa, lakini wazo lilibaki.

Huko Marekani, tarehe 27 Desemba 1828, William Woodworth wa jimbo la New York alipewa hataza ya mashine yake. Haki ile ilikuwa ya miaka 14, lakini iliongezwa miaka 7, kisha Bunge likaongeza 7 mingine, ikaishia 1856. Katika muda huo wenye haki waliiuza eneo kwa eneo. Aliyetaka kulainisha mbao kwa mashine ya namna ile katika eneo fulani ilimbidi aelewane na mwenye eneo, la sivyo mahakamani. Kesi zilikuwa nyingi, na mwaka 1846 moja ya Wilson na Rousseau ilifika Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Hebu fikiri: mti ni wako, jasho ni lako, ila ubao hauwi laini bila idhini ya mtu ambaye hajawahi kushika msumeno wako.

Wajapani ndio waliochukua hatua nyingine. Mwaka 1958 kampuni ya Makita ilitoa randa ya umeme ya kushika mkononi, na katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Ryobi ikatoa AP-10, mashine ya kulainisha na kusawazisha unene ambayo mtu anaweza kuibeba na kuiweka mezani. Kitu kilichokuwa kikihitaji kiwanda kikaingia uani. Bentham alitaka kumwondoa fundi. Miaka karibu 200 baadaye mashine ile ile, imepunguzwa mwili, inarudi kwa fundi nyumbani kwake.

Lakini kurudi kwake kwetu hakukuwa kwa mara moja, kwa sababu mashine inakula umeme, na umeme nao una historia yake. Kikagati, upande wa Uganda wa Mto Kagera, ukitazamana na Murongo yetu ya Kyerwa, palikuwa na mtambo mdogo wa maji uliojengwa kwa ajili ya machimbo ya bati. Ulivunjwa katika vita vya 1979. Madini yalipata umeme miaka mingi kabla ya seremala. Baadaye mkoa wa Kagera ulivutiwa umeme kutoka Uganda, ikapita sheria ya nishati vijijini ya mwaka 2005, nguzo zikaanza kuingia vijijini, na pale pale Kikagati na Murongo ukajengwa mtambo mpya wa megawati kama 14, ambao umeme wake ni wa nchi zote mbili kwa makubaliano. Kwa kijana aliyezaliwa mjini waya ni waya. Kwa fundi wa Kyerwa waya ni ruhusa.

Kabla ya hapo tulikuwa tunafanyaje? Miti tunayo. Kuna migrevilea, ambayo asili yake ni Australia lakini imekaa katika migomba na mibuni yetu mpaka inaonekana kama ilizaliwa hapa. Kuna misonobari na mikaratusi. Tunapasua kwa chensoo, tunapanga mbao kivulini zikauke, kisha tunazipakia kwenye gari kwenda mjini kwa mwenye mashine kubwa. Pale unalipa kwa futi na unapanga foleni. Mwaka 2016, serikali ilipotaka kila mtoto akae kwenye dawati, na mwezi Septemba tetemeko la ardhi likaangusha nyumba mkoani kwetu, kila fundi alikuwa anatafuta mbao zilizopigwa randa. Fundi mdogo alisubiri. Mwenye mashine hakuwa mtu mbaya hata kidogo, ila foleni ilikuwa yake, na mteja wako hakujui wewe na foleni, anakujua wewe na tarehe mliyokubaliana.

Ndiyo maana baba mdogo aliuza ng'ombe. Tulichagua Makita 2012NB, inayopokea ubao wa upana wa milimita 304 na yenye uzito wa kilo 28 hivi. Ilisafiri kwa basi toka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300. Anayetaka kufuata njia hii aangalie mambo machache. Kwanza, aangalie volti: mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120, na umeme wetu ni 230. Pili, mashine hii hainyooshi ubao uliopinda. Magurudumu yake yanaukandamiza ubao, visu vinakula, na ukitoka unarudi kujipinda vile vile, mwembamba tu zaidi. Uso wa kwanza lazima uunyooshe kwa randa ya mkono, ndipo mashine isawazishe uso wa pili. Tatu, kula kidogo kidogo, milimita moja au chini yake kwa kila mpito, hasa mgrevilea wenye nyuzi za kupishana.

Hilo la pili ndilo lililoleta mzozo nyumbani. Tulikuwa na vijana wawili wanaojifunza kazi. Kazi yao kuu ilikuwa kupiga randa, toka asubuhi mpaka mikono inawaka. Siku mashine ilipofungwa, babu, ambaye ndiye aliyemfundisha baba mdogo, aliuliza:

"Na hawa watoto mnawapeleka wapi?"

"Watafanya kazi nyingine, baba," baba mdogo akajibu.

"Kazi ipi? Fundi anaanzia kwenye randa. Mkono usiposikia ubao, jicho nalo halitauona."

Mimi nilikuwa upande wa mashine, na bado nipo. Lakini babu, bila kumjua Bentham, alikuwa amegusa kiini chake: mashine iliyotungwa ili asihitajike mwenye ujuzi inaweza kabisa kutimiza nia hiyo kwetu sisi, uani, bila gereza. Kijana mmoja aliondoka akaenda kuendesha bodaboda. Hakufukuzwa, alichoka tu kusimama akiangalia mashine ikifanya alichokuwa anajivunia. Huyo ni hasara, na sitaki kuificha chini ya maranda.

Aliyebaki tuliwekeana naye sharti. Uso wa kwanza wa kila ubao ni wake, kwa randa ya mkono ya babu. Anautazama, anaupima kwa pembemraba, anajua unapinda wapi. Uso wa pili ni wa mashine. Mwanzoni babu alicheka, akasema ni sheria ya wasomi. Siku hizi yeye mwenyewe ndiye anayenoa kisu cha randa ile kila jioni.

Mafundi wawili wa jirani nao huleta mbao zao kwetu. Hapo nimelazimika kujiuliza swali lile lile nililowauliza akina Woodworth: je, na sisi tumekuwa wenye eneo? Tunawatoza, maana visu vinaisha na umeme unalipiwa. Lakini hatuwawekei foleni nyuma ya kazi zetu. Anayekuja kwanza anaingia kwanza, hata kama ni sisi tunaosubiri. Sharti hili nalo lilimkera baba mdogo, naye ana haki ya kukereka, ng'ombe alikuwa wake.

Vijana wenzangu mnaopenda kuandika, tumezoea kutafuta historia kwa wafalme na kwenye vita. Rumanyika ni wetu na tumsome. Ila pita pia kwa fundi wa mtaani kwako, umuulize mashine anayotumia ni ya nani, ilifikaje, na kabla haijafika alikuwa akimwomba nani. Majibu yake yaandike, kwa maana hakuna mwingine atakayeyaandika.